Mwanafunzi Mwenye Mvi

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeisikia mara nyingi tangu nilipotangaza, nikiwa na umri wa miaka 54, kwamba nimejiandikisha chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili. Wenzangu kazini waliitamka kwa upole, jamaa zangu kwa mashaka, na mzee mmoja wa mtaani kwetu kwa kicheko. Maana yao ilikuwa moja: samaki huyu amekwisha kukauka, akikunjwa atavunjika.

Yafaa tuitazame methali yenyewe. Hiyo ni methali ya malezi. Yahusu tabia ya mtoto, wala haikuwekwa kumfungia mtu mzima mlango wa maarifa. Kwa maarifa tunayo methali nyingine: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hii haichagui umri. Hata neno mwanafunzi halina utoto ndani yake. Mwanamaji si mtoto wa maji, wala mwanachama si mtoto wa chama. Vivyo hivyo mwanafunzi ni yeyote aliyejiunga na kazi ya kujifunza.

Mimi nimetumikia serikali kwa miaka 31, sehemu kubwa katika masjala. Kazi ya masjala ni kupokea barua, kuifungulia jalada, kuipa namba, na kuhakikisha kwamba atakayeitafuta miaka kumi baadaye ataipata. Ni kazi ya heshima, nayo imewalisha watoto wangu. Usiku nimekuwa nikitunga mashairi. Ndiyo maana wako wanaoniuliza: Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, hakusoma chuo kikuu, na bado akawa alivyokuwa, wewe wataka shahada ya nini?

Jibu langu ni kwamba kwa kutunga siihitaji, lakini kwa kufundisha naihitaji. Sikio langu hunieleza mara moja kuwa mshororo umepungukiwa mizani. Lakini kijana akiniuliza kwa nini m ya neno mtu huhesabiwa kuwa mizani moja, na m ya neno mwana haihesabiwi peke yake, sikio langu halimfai kitu. Anahitaji kuelezwa kwamba katika mtu ile m inasimama kama silabi kamili, na katika mwana imeungana na sauti zinazoifuata. Fundi hujua kutenda. Mwalimu hana budi kujua pia kueleza.

Uamuzi huu haukuwa mwepesi. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hulazimika. Wenzangu wengi wa rika langu wanapanga mashamba na mifugo ya uzeeni. Ada yangu hutoka katika mshahara ule ule unaomsomesha binti yetu wa mwisho. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: “Baba watoto, kati yako na mtoto, nani atasubiri?” Tulikaa siku nyingi na swali hilo. Mwishowe tukakubaliana kwamba kitakachosubiri ni nyumba. Kuta zimesimama, bati bado.

Liko pia suala la heshima. Mhadhiri wangu wa sarufi ni binti aliyezaliwa baada ya mimi kuajiriwa. Tukikutana nje huniambia, “Shikamoo, mzee,” nami humwitikia, “Marahaba, mwalimu.” Kisha tunaingia darasani, naye hunirudishia kazi yangu ikiwa imejaa wino mwekundu. Sioni mgongano wowote. Shikamoo ni haki ya umri, na wino mwekundu ni haki ya elimu. Utamaduni wetu una nafasi ya kutosha kwa haki zote mbili, na anayedhani kuwa moja huiua nyingine hajautazama vizuri.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1970, ambao ndio niliozaliwa, Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu ni mkoani Mwanza, penye kilimo cha pamba. Mama yangu alijifunza kusoma katika kampeni ya miaka ile, nami nikiwa mgongoni mwake, kwa kitabu kilichofundisha herufi pamoja na upandaji wa pamba. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Mama alimwita mwalimu hadi uzeeni, na kijana yule hakuacha kumwamkia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo liliagiza kwamba wamalizao kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena, lakini wazo lake lina uzito: aliyeijua kazi huketi darasani na maswali yake mwenyewe. Na tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wafanyakazi wengi wamesoma bila kuacha kazi zao.

Ninyi walimu, siku mzee atakapoketi mbele yenu, mwamkieni, kisha msahihisheni bila kumhurumia. Huruma hiyo ndiyo itakayomvunjia heshima. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba kidato cha nne ndicho kimepima urefu wa akili zenu kwa maisha yote.

Nikijaliwa kufuzu, nitakuwa na miaka 57. Wapo wasemao kwamba miaka mitatu ya kufundisha haina faida. Nao ndio muda ambao mtoto aingiaye kidato cha pili huutumia hadi kumaliza cha nne.