Chungu kikinyamaza

Kiangazi kimeingia na vyungu vyetu vinachelewa. Mwezi wa 6 na wa 7 upepo wa ziwa unapoza nyumba usiku, na pombe ya mahindi iliyopaswa kutoa povu siku ya pili inakaa kimya kama maji ya kisima. Humo ndani mna unga wetu, kuni zetu na feza za masomo ya watoto. Ndipo maneno yanaanza: nani alipita hapa? Nani alikitazama chungu kwa jicho baya? Tumeona majirani wakiacha kusalimiana kwa ajili ya chungu kimoja.

Sisi tumepatana hivi: kabla ya kutaja jina la mtu, tuonje.

Pombe ikiwa bado tamu, sukari imo; kilicholala ni chachu. Chachu ni kitu hai, kama Louis Pasteur wa Ufaransa alivyoonyesha katika karne ya 19. Baridi inailaza, uji wa moto unaiua. Basi tunasogeza chungu karibu na mafiga na kukifunika kwa blanketi. Kesho yake kikiwa bado kimya, tunatia kikombe cha mashapo ya pombe inayochemka kwa mwenzetu. Tunapima kwanza kwa mkono: uji ukichoma, tunangoja upoe.

Pombe isipokuwa tamu, ikabaki na ladha ya unga tu, tuangalie kimea. Ndicho kinachogeuza unga kuwa sukari. Kikikaushwa juu ya moto mkali badala ya jua, nguvu yake inaungua. Tunatwanga kimea kipya, tunakikoroga katika uji wa vuguvugu, tunangoja utamu uje, kisha tunatia chachu.

Kumwaga sukari ya duka hakufufui chachu iliyokufa. Kukimbilia kupika lutuku pia ni bure: pombe isiyochacha haina kilevi cha kutosha, tunaunguza kuni tu. Na ile iliyogeuka kali kama siki haiponi. Tusimuuzie mtu kama pombe nzuri.

Mwenye chungu kinachochemka asimnyime mwenzake kikombe cha mashapo. Mara nyingi jirani tuliyetaka kumshuku ndiye mwenye chachu tunayoihitaji. Tumpigie hodi kwa heshima, tumsalimie, tumwombe.