Sabaki: Ndege aliyetulia ndiye anayekupa uso

MTO unaoanza kwa jina la Athi, huko bara upande wa Nairobi, hufika baharini kwa jina la Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo yanaoubeba. Yanapokutana na bahari pana ulimi wa mchanga, na hapo ndipo hupumzika ndege wa baharini. Wengine wametoka mbali. Shakwe wa rangi ya masizi huzaliana pande za Bahari ya Shamu na Uarabuni, na wapo buabua wadogo weupe, wenye mkia wa panda, wanaotoka huko huko.

Alasiri moja ya likizo ya Desemba, familia moja kutoka Mombasa ilifika hapo ikiongozwa na kijana wa kijijini. Msichana wa miaka 13 alikuwa na kamera ya babake shingoni. Kesho yake wangerudi nyumbani, kwa hivyo hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kupata picha ya ndege akiwa hewani.

Picha za kwanza zilimvunja moyo. Ilikuwa saa tisa na jua lilikuwa kali. Migongo ya ndege iling'aa hadi manyoya yakapotea, na chini ya mabawa kukawa giza. Kijana akamshauri asubiri. Pwani hii hutazama mashariki, akaeleza. Asubuhi jua huchomoza baharini, na anayepiga picha kutoka nchi kavu hupata vivuli vitupu. Jioni jua hushukia mgongoni mwake, ukali hupungua, na mwanga huingia hadi chini ya bawa.

Wakaketi mchangani, mbali kidogo na kundi. Nusu saa ikapita bila ndege hata mmoja kuruka.

"Mjomba, nikimbie kidogo tu waruke?"

"Keti, mama. Wataruka wenyewe."

Muda si muda, vijana wawili waliokuwa wakipita ufuoni wakapiga makofi. Kundi zima likainuka kwa kelele. Msichana akabonyeza mara nyingi alivyoweza. Alipotazama kioo cha kamera aliona mikia na migongo tu. Ndege aliyeshtuka hukimbia, na anayekukimbia hukupa kisogo.

Kijana alikuwa na lalamiko zito zaidi. Ndege aliyevuka bahari huja hapa kula na kupumzika, apate mafuta mwilini ya kumrudisha kwao kuzaa. Kila anapotimuliwa, huchoma akiba hiyo bure. Makofi ya mtu mmoja ni mchezo, lakini wapitao ufuoni ni wengi na siku ni ndefu.

Saa kumi na moja na nusu kundi lilianza kurudi. Ndege hutua akiukabili upepo, na msimu huo ulikuwa wa kaskazi. Basi walitoka baharini wakisukumwa na upepo, wakaja moja kwa moja upande wa ile familia, kisha wakageuka polepole, mabawa wazi, ili watue. Msichana alikuwa ameshaweka kamera kwenye kasi ya 1/2000 ya sekunde ili bawa lisitoke na ukungu, na akapunguza mwanga kidogo ili weupe wa manyoya usiungue. Alimchagua ndege mmoja angali mbali, akamfuata kwa lenzi hadi alipofika karibu, badala ya kurukia huyu na yule.

Kabla jua halijazama, kijana aliwahimiza waondoke, kwani viboko hutoka mtoni giza likiingia kutafuta majani. Kamera ilikuwa na picha nyingi zilizokatwa bawa, nyingine za anga tupu, na moja nzima: buabua akigeuka, mdomo na jicho vikionekana wazi, kifua kimepata rangi ya asali.

Mjomba aliitazama kwa muda, akamrudishia kamera bila neno. Wakashika njia kwa kuzunguka nyuma ya tuta la mchanga, ingawa ilikuwa ndefu zaidi. Kule kwenye ulimi wa mchanga hakuna ndege aliyeinuka.