Diski Mbili kutoka Atlanta

Mwaka wa 2007 baba yangu mdogo alifariki dunia mjini Atlanta, Marekani, akazikwa huko huko. Gharama ya kumleta Mweiga ilitushinda, michango na harambee zetu zisifue dafu. Badala ya jeneza tukapokea bahasha yenye diski mbili za DVD: moja ya mazishi, nyingine ya filamu aliyoipenda marehemu.

Majirani walijaa sebuleni. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, nilidhaniwa kuwa mjuzi wa kila kitu chenye waya. Nikaitia diski ya mazishi. Picha ilitokea bila rangi, ikawa inapanda na kushuka kiooni bila kukoma, ilhali sauti ya kasisi ilisikika bayana. Nyanya akaniuliza, “Mjukuu wangu, mbona mwanangu hatulii?”

Sikuwa na jibu. Ile ya filamu nayo haikufunguka abadani.

Kesho yake niliabiri matatu hadi Nyeri, nimeipakata mashine kama mtoto mgonjwa. Fundi ndiye aliyenifunulia kuwa ndwele zilikuwa mbili. Filamu ilikuwa na kufuli: wauzaji wameugawa ulimwengu kwa nambari, Marekani na Kanada wakawa 1, Ulaya Magharibi na Japani 2, nasi Wakenya tukatiwa katika 5 pamoja na India na Urusi. Mashine ya 5 huikataa diski ya 1, hata kama umeinunua kwa jasho lako. (Ubaguzi huo bado unanikera.) Diski ya mazishi, kwa kuwa ilirekodiwa na jamaa tu, haikuwa na kufuli lolote. Kilichoisumbua ni mfumo. Wamarekani walitumia NTSC, yenye mistari 525 na takribani picha 30 kwa sekunde. Kenya ilitumia PAL, mistari 625 na picha 25. Runinga yetu kuukuu ilielewa PAL pekee.

Fundi alishika rimoti, akachagua PAL, mashine ikawa mkalimani. Kisha akabonyeza nambari fulani za siri, kufuli likafunguka. Alinitoza shilingi 200 za kufuli. “Ya mazishi hailipiwi,” akasema.

Jioni hiyo picha ilitulia, tena kwa rangi. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, Nyanya aliniamuru nisimamishe. Akajikongoja hadi kwenye kioo, akainama, akautazama udongo uliorundikwa kando ya kaburi.

“Ni mwekundu,” akasema, “kama wa kwetu.”

Filamu hatukuitazama.