Matuta ya Hiari

Kilichonivutia kwanza ni rangi. Ilikuwa picha ya shamba iliyopigwa kutoka kwenye ndege, nyeusi na nyeupe, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka imetoboka kwenye mikunjo. Juu yake mtu alikuwa amepaka penseli: kijani kidogo bondeni, njano mahali palipoinuka kiasi, kisha nyekundu nyingi, nyekundu karibu kila mteremko, na bluu pembeni. Chini kulikuwa na mwaka, 1953, na sahihi mbili: ya mwenye shamba na ya bwana shamba wa serikali.

"Penye nyekundu ndipo tulipokuwa tunalima mahindi," aliniambia yule mama, akacheka.

Nilikuwa jikoni kwake, magharibi mwa Iowa, si mbali na Mto Missouri. Kazi yangu ni ukalimani. Familia moja ya Wakongo ilikuwa inapanga nyumba yake ndogo iliyo nyuma ya ghala, na ilihitaji mtu wa kuwasomea mkataba kwa Kiswahili. Mkataba ulikwisha kwa nusu saa. Wapangaji wakatoka kwenda kuangalia tanuri la kupasha nyumba joto, mimi nikabaki na kikombe cha kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo (hili sitazoea). Dirishani niliona vilima, na kwenye vilima ngazi. Ngazi ndefu za udongo, zimefunikwa nyasi, zinazunguka mlima mmoja na kupotelea kwenye mwingine. Nikamwambia, mama, kwetu tunaviita hivi matuta. Akainuka bila kusema kitu, akarudi na ile picha.

Sasa, kabla sijaendelea, ni lazima nieleze kwa nini neno matuta lilinishika koo. Kwetu ni Matombo, Uluguru. Bibi yangu mzaa mama alichimba matuta akiwa binti mwenye mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye mama yangu. Hakuchimba kwa kupenda. Nilikua nikimsikia akilitaja neno hilo kama watu wengine wanavyotaja njaa au kifungo.

Lakini nianze na Iowa, maana ndiko nilikoelewa.

Udongo wa vilima vile unaitwa lesi. Ni vumbi laini lililopeperushwa na upepo kutoka bonde la Missouri zama za barafu, likarundikana kwa maelfu ya miaka mpaka likawa vilima. Ukilichukua mkononi ni kama unga wa mhogo. Lina tabia ya ajabu: ukilikata wima linasimama kama ukuta, ukilimwagia maji linayeyuka kama sukari. Kwa muda mrefu lilishikwa na nyasi za prairi, ambazo mizizi yake huenda chini kupita urefu wa mtu. Karne ya 19 wakaja walowezi na plau, wakazifunua nyasi, wakalima kupanda na kushuka mlima. Kila mstari wa mahindi ukawa mfereji. Mvua zao za mwezi wa tano na wa sita si za mchezo, tena zinakuja wakati mahindi bado machanga na ardhi iko uchi.

Yule mama alinisimulia kwamba baba yake alikuwa na daraja la mbao ndani ya shamba lake mwenyewe, juu ya korongo. Kila baada ya miaka michache analirefusha. Siku moja ng'ombe akaanguka humo, na baba yake akakaa ukingoni akiangalia chini muda mrefu kuliko ng'ombe mmoja alivyostahili.

Habari kubwa ya nchi nzima wengi mnaijua, ile ya vumbi la miaka ya 1930, kwa hiyo nitaipitia haraka. Ukame, ngano iliyolimwa kupita kiasi kwenye nyanda kavu za Kansas, Oklahoma, Texas na Colorado, kisha upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 lilipita wingu jeusi lililoifanya siku hiyo iitwe Jumapili Nyeusi. Wiki mbili hazijatimia, tarehe 27, Marekani ikawa na sheria ya hifadhi ya udongo, na idara yake chini ya Hugh Hammond Bennett, mtu wa North Carolina aliyekuwa ameshahubiri miaka mingi kwamba mmomonyoko ni janga la taifa. Watu wakapanda mikanda ya miti ya kuzuia upepo kutoka North Dakota hadi Texas, zaidi ya miti milioni 200.

Kilichonishangaza mimi si miti. Ni jinsi kazi ilivyopangwa baada ya hapo. Mwaka 1937 Rais Roosevelt aliwapelekea magavana wa majimbo mfano wa sheria: kila eneo liunde wilaya yake ya hifadhi ya udongo, iongozwe na wakulima wenyewe. Serikali inatoa bwana shamba bure, na kupitia mpango mwingine inachangia gharama. Ukitaka matuta, unakwenda kuomba. Sheria ile iliruhusu wilaya kuweka kanuni za lazima, lakini ni chache mno zilizothubutu. Hiari, yaani. Na kufikia miaka ya 1950 mashamba mengi sana yalikuwa na karatasi kama ile iliyokuwa mezani, na rangi zake: kijani ni ardhi salama unayoweza kulima upendavyo, njano uwe mwangalifu, nyekundu uwe mwangalifu sana, bluu afadhali uiachie nyasi mara nyingi kuliko kuilima.

Basi bwana shamba akaja, kijana aliyerudi vitani, na darubini yake ya kupimia usawa juu ya miguu mitatu. Yule mama, akiwa na miaka kumi, alipewa kazi ya kubeba bendera ndogo. Anasimama, kijana anachungulia, anampungia mkono apande kidogo au ashuke kidogo, anachomeka. Walipomaliza, bendera zilikuwa zimechora mstari uliopinda kama nyoka anayeota jua, lakini kila bendera ilikuwa kwenye kimo kilekile. Kisha likaja buldoza. Likasukuma udongo ukawa tuta refu kufuata bendera, na nyuma ya tuta ukabaki mfereji ulio sawa kabisa, hauteremki popote. Hiyo ndiyo siri yote: maji yakifika hapo hayana pa kwenda. Yanakaa, yanazama. Palipokuwa hapana budi maji yashuke, waliacha mkondo mpana uliopandwa nyasi, usioguswa na plau. Korongo la ng'ombe likazibwa kwa ukuta wa udongo, likawa bwawa. Mahindi yakaacha kurudiwa kila mwaka kwenye miteremko. Yakafuatwa na oti, kisha alfalfa na nyasi za kukata kwa mifugo, kisha ndipo mahindi tena.

Majirani walicheka. Hili nimelipenda. Mkulima wa kule alikuwa anapimwa kwa unyoofu wa mistari yake. Mistari iliyopinda ilikuwa aibu, watu wakipita barabarani wanasema huyu alilima amelewa. Baba yake alivumilia kicheko hicho miaka miwili, mitatu. Kisha ukame wa miaka ya 1950 ukaingia, vumbi likaruka tena Texas na Kansas, na mwaka 1956 serikali ikaanzisha mpango maalumu kwa majimbo ya nyanda kavu, mkulima anaweka mkataba wa miaka kadhaa na serikali inabeba sehemu ya gharama. Iowa yenyewe haikuwa ndani ya mpango huo, lakini hata huko, mwanamke yule anakumbuka, kicheko kilipungua. Waliocheka wakaja kuuliza namba ya mwenye buldoza.

Nilimwuliza: baba yako alikubali kwa sababu ya kuipenda ardhi?

Akaniangalia kama nimemwuliza kama baba yake alikuwa malaika. "Alikubali kwa sababu walilipa nusu," akasema. "Na alitaka bwawa la kuvulia samaki."

Aldo Leopold, aliyezaliwa Iowa hiyohiyo, anauzungumzia udhaifu huu katika kitabu chake kilichotoka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Analalamika kwamba wakulima wa Wisconsin walichagua katika hifadhi yale tu yenye faida kwao, na yenye faida kwa jamii nzima wakayaacha. Nilipokisoma mara ya kwanza niliona ana haki. Siku hizi sina hakika. Leopold aliona watu walioombwa wakafanya kidogo. Hakuwaona walioamrishwa.

Maana miaka hiyohiyo, 1953, 1954, bibi yangu alikuwa kwenye mteremko wake na jembe. Maofisa wa kikoloni Afrika Mashariki walikuwa wamesoma habari za vumbi la Marekani, wakatishika, na Uluguru waliiona kama chanzo cha maji ya Mto Ruvu kinachooshwa kikaisha. Hofu yao haikuwa ya uongo. Lakini hapakuwa na bwana shamba wa kuombwa wala karatasi ya kutia sahihi. Bibi alisema ilikuwa siku tatu kila wiki, shambani kwako au kwa mwenzako, na asiyefika anapelekwa barazani kutozwa faini. Tena kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwenye shamba alikuwa yeye, lakini waliokuja kupima walizungumza na wanaume.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokaa jikoni kwa yule mama. Lesi ni nene. Mahali pengine inashuka makumi ya mita. Buldoza likigeuza udongo, cha chini kinafanana na cha juu vya kutosha. Unaweka samadi, unaendelea. Uluguru miteremko ni mikali na udongo wenye rutuba ni utando tu juu ya udongo hafifu. Matuta yaliyoamriwa yalikuwa ya ngazi, yanayochimba ndani ya mlima. Bibi alikuwa na sentensi moja ya kueleza historia yote hiyo: "Nilifukua mwekundu, nikafukia mweusi." Mahindi yaliyofuata yalikuwa ya manjano, marefu kama mkono. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachoka. Zikazuka vurugu, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mradi ukaachwa. Hata leo ukisema matuta mbele ya wazee fulani unaona uso unavyofunga.

Nilimsimulia yule mama haya yote. Alisikiliza vizuri, hakuharakisha kusema pole. Kisha akaweka kidole juu ya picha, kwenye mistari miwili ya penseli upande wa kaskazini. "Haya mawili hayapo," akasema. "Mimi na mume wangu tuliyabomoa." Ilikuwa 1974. Bei ya nafaka ilikuwa imepanda, waziri wa kilimo, Earl Butz, anawahimiza wakulima walime mpaka kwenye ua, na trekta lao jipya lilikuwa refu mno kugeuka kati ya tuta na tuta. Baba yake alikuwa hai bado. Alikuja siku buldoza linafanya kazi, akakaa ndani ya gari lake mpaka jioni, hakushuka. Walikula chakula cha usiku pamoja na hakutaja lolote, wala siku hiyo wala mpaka alipokufa. Tuta moja walilirudisha baada ya sheria ya 1985 kusema kwamba anayelima ardhi inayomomonyoka bila mpango wa hifadhi atapoteza ruzuku. La pili hawakulirudisha. Alinionyesha mahali pake dirishani. Kuna korongo.

Wapangaji wakarudi, tukaagana.

Masika iliyopita Mjomba alinipigia simu. Maji yamekata sehemu ya chini ya shamba la Bibi, migomba mitatu imekwenda, na mfereji unapanda kila mvua. Bwana shamba wa kata amekuja, kijana mzuri, amesema wachimbe matuta kufuata kontua, mafupi, wasifukue chini sana, wapande majani ya tembo kwenye kingo. Wazee hawataki hata kusikia. Nilimtumia picha niliyoipiga siku ile, ile ramani ya rangi, nikamweleza kwa kirefu. Mjomba akanyamaza kidogo.

"Huyo mzee wa Kizungu alilipwa?"

"Nusu ya gharama, Mjomba."

"Na sisi tutalipwa na nani?"

Nikamwambia nitatuma hela ya vibarua wa tuta la kwanza, na mahali pa kulichimba achague yeye, si mimi wala bwana shamba. Akasema afadhali. Nikasikia anatembea, labda anatoka nje mama yangu asisikie, kwa sababu siku hizi wanakaa nyumba moja.

"Sasa sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yako akikuuliza, usimwambie ni matuta. Mwambie ni makinga maji."

"Si ni kitu kilekile, Mjomba?"

"Wewe mwambie ni makinga maji."