Umeme Nimelipa Mimi

Nilipoanza zamu ya usiku katika nyumba ya wazee hapa Birmingham, mwaka 2012, niliiona kazi ile kama dhambi ndogo ambayo Mwenyezi Mungu angenisamehe kwa ajili ya kodi ya nyumba. Mama mkwe akipiga simu kutoka Unguja huuliza, "Na watoto unamwachia nani, mwanangu?" Nami hujibu, "Baba yao yupo, mama," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Nilikuja 2009 kumfuata mume wangu, tukapanga Small Heath, nyuma ya Coventry Road. Ugeni wenyewe si wa kutisha. Katika sensa ya 2021 karibu asilimia 30 ya wakazi wa mji huu walijitaja kuwa Waislamu, na buibui langu halimshangazi mtu kituo cha basi. Mihogo na nazi zipo madukani. Kilichonisumbua sikukikuta Uingereza, nilikuja nacho.

Bibi yangu, aliyenilea Kikwajuni, aliuhifadhi Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama yule wa Pate alimtungia binti yake mnamo 1858, akawa anatusomea tukichambua mchele. Radhi ya mume, radhi ya mume. Nikaibeba radhi hiyo kama ndoo kichwani, nikiogopa hata kugeuka. Kuna jambo bibi hakutwambia, nami nimelijua ukubwani: Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na nyumba yao ilikuwa na watumwa. Utenzi wenyewe unawataja. Binti aliyeusiwa kumpepea mume na kumkanda hakuwa ametoka kugeuza wazee vitandani tangu saa nne ya usiku.

Basi siku moja Januari 2015 nilitoka kazini saa moja na nusu asubuhi, nikawapeleka watoto skuli, nikafua, nikabandika mchuzi, na saa saba mchana nikajinyoosha dakika tano. Nilipofumbua macho nje kumeingia giza. Simu ya skuli imepigwa mara nane. Mwanangu wa mwisho nilimkuta ofisini, kakaa na koti lake, mkoba magotini, hata halii. Hilo la kutolia ndilo lililonivunja.

Mume wangu alikuwa na teksi uwanja wa ndege. Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Acha kazi." Nikamuuliza, "Na kodi?" Hakujibu, akaenda kuswali.

Alhamisi nikaipeleka kesi yangu darasani. Darsa letu la wanawake husomeshwa sebuleni kwa mwenzetu mmoja, Sparkbrook, na ustadha wetu ni mtu wa Lamu, mkavu wa maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani aliyekwambia kupika ni faradhi yako?"

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo sisi wa pwani tumeyarithi, chakula, mavazi na makazi ya mke yako juu ya mume, hata kama mke ni tajiri kumshinda. Pato la mke ni lake, mume hana fungu ndani yake. Na kupika na kufua hayamo katika yanayomlazimu mke kwa akdi ya ndoa. Tena aliyezoea kuhudumiwa kwao, mume amtafutie mtumishi. Miaka ishirini ya madrasa, na hayo sikupata kuyasikia. Nilihifadhi adhabu ya mke asiyemtii mumewe kabla sijajua fungu langu la mirathi.

"Msifurahi mapema," akasema ustadha. Kuna wanavyuoni wengine, Ibn Taymiyya mmojawapo, wanaosema mke ahudumu nyumbani kwa kadiri ya ada ya watu wake. Na Mashafii hao hao wanasema mke akitoka bila ridhaa ya mume anaweza kupoteza masurufu. Akanigeukia: "Wako aliridhia?"

"Fomu ya kazi alinijazia yeye."

Nilirudi nyumbani na nusu ya darsa, ile nusu iliyonipendeza. Nikamwambia mume wangu, mezani, mbele ya watoto, kwamba mshahara wangu kisheria haumhusu. Ni kweli haumhusu. Lakini ukweli una namna ya kusemwa, nami niliusema kama mtu anayerusha sahani. Aliacha kuniomba kitu. Alianza kuendesha mpaka saa tisa za usiku. Usiku mmoja pesa zikaisha kwenye mita, umeme ukakatika, na mimi nina pauni mia mbili benki. Nilikaa gizani, watoto wakifanya kazi za skuli kwa tochi ya simu, nikimngoja anayelazimika kisheria arudi. Nina haki zangu zote, na nyumba imepoa kama kaburi. Naona haya kuliandika hili.

Oktoba mwaka ule ule ustadha alituchukua chuo kikuu kuzitazama zile karatasi mbili za Msahafu zilizovuma Julai. Zimeandikwa juu ya ngozi ya mnyama, nayo ilipimwa ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645, yaani huenda mnyama huyo aliishi zama za Mtume au karibu nazo. Zilikuja Birmingham miaka ya 1920 kwa mkono wa Alphonse Mingana, mzaliwa wa upande wa Mosul, kwa fedha za Edward Cadbury, wa ukoo ule wa chokoleti. Sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Hati yake ni ya Kihijazi, imelala upande. Ustadha ndiye aliyetueleza kilichomo: sehemu ya Suratul Kahf, mwisho wa Suratu Maryam, na Twaha mpaka aya ya 40. Hapo ndipo mama yake Musa anaporudishiwa mwanawe amnyonyeshe. Wafasiri wanasema nyumba ya Firauni ilimlipa ujira. Nilisimama mbele ya kioo nikimfikiria mwanamke huyo anayelipwa kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, na hathubutu kusema ni wake.

Njiani kurudi ustadha alinisimulia habari ya Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, ambaye mumewe alikuwa na mkono mwembamba. Alikwenda mlangoni kwa Mtume, Bilal akamuulizia: akimpa mumewe, itahesabiwa? Akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka.

"Umeelewa?" akaniuliza. "Kama mali ingekuwa ya mume, angeuliza nini? Haki ndiyo inayoifanya ikawa sadaka."

Nilikuwa nimeishi nyumba mbili, moja ya kutoa bila kujua ni changu, nyingine ya kujua ni changu nisitoe. Usiku ule nilimwomba radhi mume wangu kwa ile kauli ya mezani, siyo kwa kufanya kazi. Tukakubaliana: kodi na chakula vyake, zamu za usiku niziache, nichukue za mchana siku tatu, na Jumanne na Alhamisi watoto awachukue yeye, kwa kuwa teksi haina msimamizi. Vyombo pia. Nilimsomea mara moja tu habari aliyoisimulia Bi Aisha, kwamba Mtume nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake mpaka wakati wa sala. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, nipe hilo sufuria." Ukoko hawezi kuutoa mpaka leo.

Mama mkwe bado anauliza watoto namwachia nani. Wenzangu wa darsa walioamua kukaa nyumbani nao siwalaumu. Masurufu ni haki yao, wayachukue bila kuinamisha kichwa.

Mwezi uliopita alilipa kodi yote. Umeme nimelipa mimi, pauni 140, nikauandika daftarini upande wa sadaka. Daftari lenyewe hajaliona.