Mstari Nilioruka

Nilimchelewesha mzee wa watu kupata matibabu ya macho, na katika kungoja huko akaanguka akavunjika mkono. Hospitali haikukosea wala daktari hakukosea. Nilikosea mimi. Nayaandika haya kwa kuwa nawajua Waswahili wengine hapa Sydney wanaofanya nilivyofanya, nao wanaamini wanaonyesha adabu.

Mzee huyo, ambaye namwita Mama, ni mzaliwa wa Bukavu. Anaishi na mwanawe hapa Kensington, kwenye jengo la ghorofa karibu na Anzac Parade, mahali ambapo wapangaji wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu na mtu wa umri wake ni nadra kumwona. Kiingereza chake ni cha salamu na cha dukani. Mwanawe anafanya kazi usiku, mchana analala, kwa hiyo aliniomba barua zote za hospitali zipitie kwangu. Nilikubali kwa fahari. Nilipenda kuwa mtu anayetegemewa.

Daktari wa familia alimkuta na mtoto wa jicho macho yote mawili, akaandika rufaa kwenda kliniki ya macho ya hospitali moja ya umma. Baada ya muda ikaja barua: ombi limepokelewa, limewekwa kundi lisilo la haraka, tarehe itatumwa. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba hali ikibadilika mgonjwa amrudie daktari wake wa familia. Nilimsomea Mama barua nzima isipokuwa mstari huo. Sikuwa na nia ya kumficha. Niliuona ni maneno ya kufungia barua, kama mtu anavyoandika nakutakia afya njema.

Miezi ikapita. Mama akaanza kumwaga chai nje ya kikombe. Akawa hawezi kusoma maandishi ya mbele ya tramu, ananiuliza kama hii ndiyo ya Kingsford au ndiyo inayorudi mjini. Jioni moja aliniambia taa za magari zinampasukia machoni na haoni tena ukingo wa barabara. "Mwana yangu, haifai tuwapigie?" Nikamjibu kwamba wana wagonjwa wengi, watatuita zamu yetu ikifika, tusiwe watu wa kusumbua. Akanyamaza. Hakuuliza tena, kwa sababu aliniamini.

Nimejihoji sana jibu lile lilitoka wapi. Nimekulia Tanga, na foleni niliyoizoea ni ya watu waliokaa kwenye mabenchi. Unafika alfajiri, unaweka kadi yako, unangoja kuitwa. Aliyezidiwa huonekana: ameegemea ukuta, jasho linamtoka, muuguzi akipita anamshika mkono na kumpeleka ndani, na waliotangulia hawasemi kitu. Ukikaa kimya pale unampisha mwenye shida kuliko yako, na hiyo ni heshima ya kweli. Hapa mgonjwa yuko nyumbani kwake na hospitali inamjua kwa karatasi tu. Anayepanga nani atangulie anasoma maneno ya rufaa. Ikiwa rufaa ya mwaka jana inasema mgonjwa bado anajimudu, basi kwao bado anajimudu. Hakuna anayepita kuangalia jasho.

Palikuwa na sababu nyingine, nayo inaniumiza zaidi. Medicare, bima ya afya ya taifa iliyoanza 1984, inamlipia Mama hospitali ya umma bila yeye kutoa senti, ilhali kliniki ya binafsi ingetaka maelfu ya dola. Niliona aibu kufuatilia kitu cha bure. Nilitaka tuonekane wageni wasio na makuu, watu wanaoshukuru. Macho hayakuwa yangu, lakini aibu niliyokuwa nikiilinda ilikuwa yangu.

Kuna jambo lingine nililolielewa vibaya, na kila mwenye mzee nyumbani alijue mapema. Katika hospitali za umma za New South Wales, upasuaji usio wa dharura umegawanywa makundi matatu: wa ndani ya siku 30, siku 90 na siku 365. Mtoto wa jicho mara nyingi huwekwa kundi la mwisho. Niliposikia siku 365 nikadhani Mama anahesabiwa tangu barua ile ya kwanza. Sivyo. Hesabu huanza daktari bingwa akishamwona mgonjwa na jina likaandikwa kwenye orodha ya upasuaji. Miezi yote ya kungoja kumwona bingwa haimo. Nilikuwa namwambia Mama tumeshafika mbali, na kumbe hesabu yake haijaanza hata siku moja.

Mama alikikosa kidato cha mwisho cha ngazi za jengo lao wakati wa magharibi. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Pale hospitali walimpigia mkalimani wa Kiswahili kwa simu, huduma ambayo ningeweza kumwombea tangu mwanzo na ambayo mgonjwa halipii. Nikiwa nimekaa kando yake nilimsikia akieleza kila kitu: chai, tramu, taa, ukingo wa barabara. Daktari akauliza kwa nini hakurudi kwa daktari wake wa familia. Mama akasema, bila kunilaumu, "Huyu mtoto wangu alisema tungoje."

Daktari wa familia aliandika rufaa mpya, safari hii akataja kuanguka na mambo yote ambayo Mama hawezi tena kuyafanya peke yake. Tarehe ya kliniki ilikuja upesi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji. La pili liko kwenye orodha, na hali yake ikibadilika napiga simu siku hiyohiyo.

Mama nilimweleza habari ya ule mstari. Alinitazama kwa jicho lake zima, akaniambia nisimchagulie tena la kusikia. Mkono wake haujarudi sawa. Bugali sasa anasonga mwanawe kabla ya kwenda kazini. Mwanawe huyo bado anadhani kwamba barua haikusema kitu. Jumapili nitamsomea haya.