Barua Kutoka Chuoni

Mama wenzangu wapendwa, jambo hili nimelinyamazia kwa muda mrefu. Hapa kwetu Mogitu habari za namna hii husemwa jikoni, tena mlango ukiwa umefungwa.

Mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka 6, alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha kanisa. Jioni moja alishuka kwenye basi na sanduku lake, na likizo bado. "Mama mdogo, nimerudi," akasema, akapitiliza zizini kumsaidia mume wangu kufunga ndama. Barua niliisoma usiku. Ilitaja mwenendo usiolingana na maadili ya chuo. Hakukutwa na kosa lolote. Wenzake wa bwenini walisema anapenda wanaume, alipoulizwa, hakukana.

Sitawaficha, nililia. Mume wangu hakula siku 2. Mafundisho ya kanisa nayajua, maana nimefundisha watoto wa Jumapili miaka mingi. Sheria ya nchi nayo ni kali, kifungo ni cha miaka 30 hadi maisha. Ndiyo sababu hatukuthubutu kukata rufaa. Ungekwenda kujieleza kwa nani?

Lakini kuna jambo lililonikaa rohoni, nalo ni ada. Ada ile haikutolewa na kanisa. Ililipwa na Bodi ya Mikopo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na fedha zake hutoka serikalini. Basi hata kodi ya sukari na sabuni ninayonunua dukani imo humo. Chuo kimepokea chake. Kijana ndiye anayedaiwa, na siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa masomo ambayo hakuruhusiwa kuyamaliza.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Siku ya tatu alisema, "Kama hawamtaki, warudishe ada." Sijapata jibu la kumshinda.

Si sisi peke yetu. Mwishoni mwa 2021 Waziri wa Elimu wa Kenya, marehemu Profesa George Magoha, alisema wanafunzi wa namna hiyo wasikae shule za bweni. Huko Marekani, mwaka 1983, Mahakama Kuu ilikubali chuo cha Kikristo cha Bob Jones kinyimwe msamaha wa kodi kwa kuwakataza wanafunzi weusi na weupe kuchumbiana. Nacho kilijitetea kwa Biblia. Wanafunzi kama mwanangu walipoishtaki serikali yao mwaka 2021, walishindwa, na rufaa yao ikaanguka mwaka 2024.

Kijana yupo, analima maharage nasi. Juzi alikwenda Katesh kutuma maombi katika chuo cha serikali. Nauli alipewa na mume wangu, mimi nikiwa kisimani; nilikuja kuambiwa na majirani.